Mgongo wa Mudathiri

Rukaya alipotoka eda, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuvunja kufuli la sanduku la marehemu mumewe. Badru alikuwa mnunuzi wa boriti za mikoko pale Nyamisati, mtu wa maneno machache, na miaka yote waliyokaa pamoja hakuwahi kulifungua sanduku lile mbele ya mkewe. Rukaya alijiandaa kukuta dalili za mke mwingine. Alichokuta ni shati la jeshi lililoliwa na mende, mkanda uliokakamaa, na picha moja iliyozungushiwa nailoni.

Ilikuwa picha ya kijana aliyevaa sare za jeshi, amesimama mbele ya ukuta uliotobolewatobolewa na risasi. Kofia ameishika mkononi. Anacheka, na jua limempiga usoni hata jicho moja limefumba kidogo. Nyuma ya picha hapakuandikwa kitu. Hakuwa Badru, Badru alikuwa na paji pana, tena hakuwa mtu wa kucheka.

Rukaya akakumbuka neno moja. Zamani, mwezi wa Ramadhani, wakisubiri adhana ya magharibi, Badru alimwambia kwamba vita vya Kagera alikwenda na kijana wa huko Mbwera, na kijana yule hakurudi. Alisema hilo tu, wakafuturu. Na huko Mbwera, kwenye visiwa, kila mtu anamjua mama aliyepoteza mwana vitani: Bi Mwantum. Basi Rukaya akaifunga picha kwenye pindo la khanga, akapanda mashua ya asubuhi.

Alimkuta Mwantum uani, anapeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Nilitaka kuja kukuhani, goti likanikatalia."

"Nimeshapoa, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Rukaya akapiga magoti, akafungua pindo. "Nimekuletea mgeni. Hebu mtazame. Huyu si Mudathiri?"

Mwantum akaweka ungo chini, akajipangusa mikono, akaipokea picha kwa viganja viwili. Akaitazama. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Moyo ulimdunda, akasubiri huo moyo umwambie kitu, na moyo haukumwambia kitu.

Mudathiri alikuwa kifungua mimba wake, aliyemzaa na Sadallah, mume wake wa kwanza, ambaye mto ulimchukua wakati mtoto hata hajang'oa jino. Tangu alipopata nguvu za kushika upondo wa mtumbwi, Mudathiri ndiye aliyempeleka mama yake kila mahali: shambani, mnadani, msibani. Mtoto alipenda kusimama omo, mbele kabisa, apate kumwona kiboko mapema. Mama aliketi tezi, nyuma, na kapu lake miguuni. Hivyo ndivyo walivyoishi. Walizungumza siku nzima, mama akiyatuma maneno yake kwenye mgongo wa mwanawe, na majibu yakimrudia kutoka upande wa pili wa mgongo ule. Mwantum aliujua mgongo wa Mudathiri kama anavyoijua njia ya kisimani. Bega la kushoto lilishuka kidogo kuliko la kulia. Kwenye ubavu kulikuwa na baka jeusi, kama tone la lami. Alipokasirika, shingo ilizama mabegani. Alipofurahi, alitikisa kichwa kama mbuzi aliyeingiwa na maji sikioni.

Kisha ukaja mwaka ule wa vita, mgambo wakaitwa, vijana wakakusanywa Kibiti. Mwantum alimsindikiza. Lori lilipoondoka Mudathiri alikuwa ameshika vyuma vya mbele, anatazama anakokwenda, kama alivyozoea. Vumbi likafunga. Wenziwe waliporudi na vita kwisha, yeye hakurudi, na aliyekuja kutoa habari alisema tu kwamba wamezika hukohuko, ng'ambo, wote mahali pamoja. Watu wakasoma hitma, wakala wali, wakatawanyika.

Picha yake ilikuwapo moja, ndogo, aliyopigwa alipomaliza darasa la saba. Mwaka wa mafuriko makubwa sanduku la nguo lililala majini. Mwantum alipoibandua ile picha, ilitoka nyeupe kama ganda la yai. Tangu hapo alimtunza mwanawe kwa akili tu, na akili ya mtu mzima ni pakacha. Hakujua ni lini hasa uso ulimtoka. Siku moja, akiwa anapika, aliutafuta akaukosa. Alifadhaika, akasema utarudi. Haukurudi, wala hakumwambia mtu. Mama gani atasimama mbele za watu aseme kwamba amesahau sura ya mtoto aliyemzaa?

"Mama?" Rukaya aliuliza. "Ndiye?"

Jirani wawili walikuwa wameshasogea uani. Wote wanamtazama.

"Ndiye," Mwantum akasema.

Rukaya akaangua kilio cha kumlilia mumewe na mtoto wa mwenziwe kwa pamoja, na majirani wakamwitikia. Mwantum naye alilia. Machozi yalimtoka ya kweli kabisa, akajiambia kwamba macho hayawezi kudanganya, kwamba haya ndiyo ushahidi.

*

Mwanawe wa pili, Swalehe, aliyemzaa na mume mwingine, alikuwa anauza nguo za mitumba Kibiti. Aliposhuka Mbwera akaonyeshwa picha, akaishika muda mrefu, akamtazama mama yake usoni, akasema, "Ndiye kaka." Akaenda kuitilia fremu na kioo, akaileta.

Mwantum aliitundika chumbani. Mwalimu wa madrasa alimtumia salamu kwamba malaika hawaingii penye sanamu. Akawa anaigeuza ukutani wakati wa sala, akishatoa salamu anaigeuza tena. Mwaka mzima aliishi na kijana yule anayecheka. Alimwamkia asubuhi. Alimweleza habari za mpunga, za nguruwe, za matajiri waliokuja na masanduku ya barafu kununua kamba, za bei ya sabuni inayopanda kila mwezi siku hizi ambazo kila mtu ni mfanyabiashara. Pole pole shaka ikalala. Alipofumba macho na kumwita Mudathiri, uso ulikuja: jicho limefumba kidogo, meno meupe. Alimshukuru Mungu. Hata kwenye kumbukumbu za zamani uso ule uliingia ukakaa. Mudathiri aliyekuwa akimpa mgongo mtumbwini sasa aligeuka, akacheka, akageuka tena mbele.

Ukaingia mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi. Kibiti, karibu na kituo cha mabasi, palikuwa na ghala la ushirika uliokufa zamani, likanunuliwa na tajiri mmoja anayeitwa Bushiri, aliyekuwa na maduka Dar es Salaam na sasa ameutamani ubunge. Bushiri alitangaza kwamba ukuta wa ghala unaotazama barabara ya Lindi ataufanya ukumbusho. Watachorwa wote waliotoka sehemu zile wakafia Kagera, kila mmoja na sura yake na jina lake. Wenye picha walete kwa Muhidini, fundi wa kuchora mabango ya maduka na vinyozi.

Picha zilizoletwa zilikuwa za kusikitisha. Huyu kakatwa kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, yule ameliwa nusu na mchwa. Aliyoileta Swalehe ilipofika, Muhidini alipiga mluzi. "Hii ndiyo picha! Sare, kofia, kila kitu. Huyu namweka katikati."

Mwantum alipanda mashua mpaka Nyamisati, akapanda lori la boriti mpaka Kibiti, goti na yote. Alipofika ukutani mwanawe alikuwa ameshasimama pale, mkubwa kuliko mtu, shati la kijani bado linang'aa rangi mbichi, na chini yake: MUDATHIRI SADALLAH — MBWERA. Swalehe akamwekea mkeka kivulini mkabala na ukuta. Alikaa siku nzima. Abiria walishuka kwenye mabasi, wakasoma, na waliomjua walikuja kumshika mkono. "Hongera, bibi. Umezaa simba." Kwa mara ya kwanza tangu lori lile liondoke, alikula akashiba.

Siku ya pili yake alikuja mwanamke mmoja na beseni la mihogo mibichi kichwani. Alikuwa mtu wa milimani kusini, Mmatumbi, mmoja wa wale waliohamia kulima pembeni mwa Kibiti. Alikuwa anakwenda zake kituoni kuuza. Alipofika usawa wa ukuta aliinua macho, kama kila mpita njia anavyoinua. Beseni likaanguka.

Hakupiga kelele. Mihogo ilitawanyika barabarani, pikipiki ikaipitia, na yeye akaivuka bila kuitazama, akaenda moja kwa moja mpaka ukutani, akaweka kiganja juu ya shavu la yule askari.

"Mfaume," alisema. "Mfaume, baba."

"Wewe mama, rangi mbichi hiyo!" Muhidini akafoka kutoka juu ya ngazi.

Swalehe, aliyekuwa anakuja na chai ya mama yake, akaharakisha. "Mama, shikamoo. Umekosea. Huyu ni kaka yangu. Soma hapo chini."

"Sijui kusoma, mwanangu." Mwanamke aligeuka, kiganja chake kimetapakaa rangi. "Lakini huyu nimemzaa mimi. Anaitwa Mfaume. Mimi naitwa Mwanaheri, nakaa pale nyuma ya mikorosho, watu wananijua."

"Kaka yangu huyu! Picha imetoka kwa marehemu Badru wa Nyamisati, alikuwa naye vitani!"

"Badru!" Uso wa Mwanaheri ukawaka. "Mfaume alikuwa akimkatia Badru mikoko kabla ya vita. Walikuwa wakila sahani moja."

Watu walianza kujaa. Mmoja akacheka, akasema bibi jua limempanda. Mwingine akasema wote wanataka kuwa mama wa shujaa sasa kwa kuwa tajiri atagawa vitenge. Mwanaheri akarudi barabarani. Aliokota beseni lake tupu akaondoka, na Swalehe akadhani yamekwisha. Ni Mwantum peke yake aliyejua kwamba hayajaisha. Alikuwa amemwangalia yule mwanamke tangu alipoinua macho. Aliona jinsi alivyotambua. Hakusogea mbali wala karibu. Hakumtazama mtu kwanza.

Alasiri Mwanaheri alirudi, ameoga, amevaa khanga safi. Hakwenda kwa Swalehe wala kwa fundi. Alikuja kivulini, akavua kandambili, akaketi ukingoni mwa mkeka.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo, dada. Karibu."

"Sikuja kwa ugomvi. Na mimi ningependa awe wako, kama ungekuwa na raha naye." Akatoa kwenye kifua chake picha ya zamani yenye kingo zilizochakaa. Ilikuwa ya sikukuu ya Idi. Mwanamke kijana, Mwanaheri mwenyewe, ameketi kwenye kiti cha studio, na nyuma yake kijana mwenye kanzu, mkono begani kwa mama. Anacheka. Mle studio hamkuwa na jua, lakini jicho moja limefumba kidogo.

"Jicho hilo alizaliwa nalo," Mwanaheri alisema kwa upole. "Wenzake walimtania, wakimwita Mlenga Ndege."

Mwantum aliitazama picha, akatazama ukuta. Hapakuwa na la kubishana.

"Ni wako," alisema.

"Na wako yuko wapi, dada? Wako alikuwaje?"

Mwantum alifumba macho amtafute. Akaja Mfaume.

*

Jioni ile, nyumbani kwa Swalehe, hawakuwasha redio. Chakula kilipoa.

"Ulisema ndiye," Mwantum alimwambia mwanawe.

"Mama, kaka alipoondoka mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka alinibeba mabegani. Nakumbuka nywele zake, nilizishika. Nilisema ndiye kwa kuwa wewe ulisema ndiye."

"Na mimi nilisema ndiye kwa kuwa Rukaya alikuwa analingoja neno hilo."

"Na Rukaya?"

"Rukaya hakuwahi kumwona."

Swalehe akashika kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa biashara, aliyezoea kwamba nguo ikikubana unatafuta nyingine kwenye rundo. Akawaza, akasema, "Basi nitamwambia Muhidini anichore mimi. Si tumetoka tumbo moja? Atapunguza mashavu."

"Wewe umefuata kwa baba yako, pua na kila kitu. Yeye alifuata kwa Sadallah."

"Nani atajua, mama?"

Mwantum akamtazama tu, na Swalehe akaelewa kwamba amesema neno baya kuliko yote, ingawa lilikuwa la kweli.

Alipoelezwa, Muhidini alifuta jina, akaandika MFAUME na ukoo wake. Pembeni, palipobaki nafasi, alimchorea Mudathiri sare, mkanda na viatu, akaacha pa uso peupe. "Tajiri anazindua karibuni," alisema. "Njoo, mama, tukae, unieleze. Mimi nachora polisi wa mabango, mabibi harusi, watu nisiowaona. Ukiniambia, mkono wangu utamfuata."

Wakakaa. Muhidini na mkaa na kipande cha kadibodi, Mwantum na mikono mapajani.

"Uso wa duara au mrefu?"

"Wa kawaida."

"Pua?"

"Pua yake... ya kwetu tu. Ya watu."

"Alikuwa na ndevu? Mdomo mnene?"

Mwantum alijaribu. Aliyafumba macho mpaka yakauma. Kila alichokisema, mkono wa fundi ulikichora, na kila kilichochorwa kilikuwa ni cha Mfaume: kidevu cha Mfaume, meno ya Mfaume. Muhidini alifuta kwa kitambaa, akaanza upya. Siku nyingine tena. Na nyingine. Mkaa ulimwingia fundi kwenye kucha, naye alikuwa mvumilivu, kwa maana na yeye alikuwa na mama. Mwisho Mwantum akasema, "Mgongo wake ninaujua."

"Vipi?"

"Mgongo. Nikikueleza mgongo wake utamchora mpaka asimame aondoke." Na sauti yake, iliyokuwa imenywea, ikapata nguvu. Akamweleza lile bega la kushoto, lile baka la lami, shingo inavyozama, visigino vilivyopasuka kwa maji ya chumvi, msuli wa mkono unavyovimba upondo unapong'ang'ania tope. Alisimama na goti lake bovu akaonyesha jinsi alivyokuwa akitikisa kichwa. Muhidini alichora haraka, na pale kwenye kadibodi akatokea kijana amewapa mgongo, na Mwantum akaona na akashika mdomo, kwa kuwa alikuwa yeye. Hakuna shaka iliyouliza chochote. Alikuwa yeye.

"Mchore hivyo," alisema. "Mchore hivyohivyo ukutani."

Muhidini akaweka mkaa chini.

"Mama yangu, askari hachorwi mgongo."

"Kwa nini?"

"Watasema alikimbia."

Mwantum akaketi tena. Alijua fundi amesema kweli. Alijaribu kuwaza jinsi atakavyomweleza kila abiria anayeshuka kwenye basi la Lindi kwamba mwanawe hakuwa anakimbia, kwamba alisimama omo ili amwone kiboko mapema. Aliomba apewe kile kipande cha kadibodi. Muhidini alimpa, lakini ulikuwa mkaa mtupu. Alipokifunga ndani ya khanga na kukifungua tena nyumbani, mkaa ulikuwa umekuwa wingu.

Siku ya uzinduzi ilikuja na spika kubwa na ngoma. Bushiri alifika na magari matatu. Mwantum alikalishwa mbele, kwenye kiti cha plastiki, pembeni mwa Mwanaheri. Alipoinua macho aliona kwamba Mudathiri amepata uso. Fundi alikuwa ameharakishwa, akafanya alilolizoea: macho mawili sawasawa, masharubu membamba, nywele zimekatwa mraba. Kila aliyewahi kunyolewa Kibiti aliifahamu sura ile. Ilikuwa kwenye bango la kinyozi, upande wa pili wa barabara.

Bushiri alisoma majina. Alipofika kwa Mudathiri alisema "Mdhihiri," akasahihishwa, akasema "Ndiyo, huyohuyo," akaendelea. Watu wakapiga makofi. Mwanaheri akautafuta mkono wa Mwantum akaushika mpaka hotuba zikaisha.

*

Bushiri alishindwa uchaguzi. Hakuonekana tena Kibiti. Ghala akalipangisha kwa watu wa soda na sabuni, na waliopanga wakautaka na ukuta.

Mwantum alikuwa amekuja kwa Swalehe kwa ajili ya goti, atafutiwe dawa, siku zilezile walipoanza kupaka. Alimkuta Mwanaheri amesimama ng'ambo ya barabara na beseni lake. Vijana wawili wenye brashi ndefu walikuwa juu ya jukwaa la miti, wanapaka buluu kuanzia juu. Vichwa vilikuwa vimekwisha kwenda. Yalibaki mashati, mikanda, viatu, majina.

Muhidini hakuwapo. Ilisemekana amekwenda kutafuta kazi Mbagala.

"Nimewaambia wangoje," Mwanaheri alisema. "Wakaniuliza mimi ni nani."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema muuza mihogo. Ningesema nini?"

Wakatazama. Buluu ikashuka kwenye vifua. Wale vijana walikuwa wanaimba wimbo wa redioni, hawana ubaya na mtu. Walipozaliwa vita vilikuwa vimeshapiganwa.

Hatimaye Mwanaheri akasema, "Dada, nimekuwa nikikufikiria. Wewe umemlilia Mfaume wangu mwaka mzima. Umemwombea dua. Labda yeye ndiye aliyesikia, wako akakosa. Ile picha ya Badru mlinirudishia, lakini mimi ninayo yangu ya Idi, yanitosha. Ichukue. Mtundike. Awe mtoto wetu sote."

Aliitoa, ikiwa ndani ya fremu yake ileile. Alikuwa ameibeba chini ya mihogo. Huenda aliibeba siku nyingi akimngojea.

Mwantum aliipokea, akaitazama. Kijana alicheka. Alikuwa na hamu naye, na hilo lilimtia hofu.

"Mungu akulipe, dada," alisema. "Lakini nikimpokea huyu, wangu hataona njia ya kurudi. Tayari amekaa mahali pake pote. Nikifumba macho ni yeye, nikilala ni yeye. Mchukue mwanao. Mchukue kabisa, na umwambie aniachie nafasi."

Mwanaheri akairudisha picha chini ya mihogo. Waliagana pale. Hawakuwa na sababu tena ya kuonana, na hawakuonana.

Mwantum alirudi Mbwera mpunga unapoanza kuzaa, akapanda dunguni kufukuza ndege, kama kila mwaka. Kutoka juu ya dungu anaiona mitumbwi inavyopita mfereji, na vijana wamesimama na pondo zao. Aliutoa msumari chumbani. Aliacha kuzungumza na ukuta. Aliamua kungoja tu, akiwaza kwamba uso wa mgeni ukishaondoka, wa mwenyewe utatokea mahali ulipokuwa.

Na kweli uso wa Mfaume ulianza kumtoka. Kwanza meno, halafu kidevu. Jicho lile lililofumba ndilo lililochelewa, likadumu mpaka mavuno yakakaribia, kisha asubuhi moja nalo akalitafuta akalikosa. Mwantum akakaa juu ya dungu, kombeo mapajani, akafumba macho na kungoja. Ndege walishuka shambani. Aliwasikia wanakula. Alingoja mpaka jua likawa kali, na hakuja mtu.